Utembee, ukimbie, upande ngazi au uinue vyuma? Ulinganisho kwa kijana wa Nairobi anayetaka akili ifanye kazi

Kijana akiuliza zoezi gani litamsaidia kusoma, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: kimbia. Jibu hilo si baya, ila halimfai kila mtu. Mwanafunzi wa sheria mwenye kurasa 60 za kushika kabla ya Jumatatu, mwandishi wa programu aliyekwama kwenye kosa moja tangu asubuhi, na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku lakini ana darasa saa nne, hawa watatu wana shida tatu tofauti. Zoezi litakalomwamsha mmoja linaweza kumchosha mwenzake asiweze hata kushika kalamu. Kwa hiyo anza na kazi ambayo akili yako inatakiwa kuifanya leo, kisha uangalie saa, kisha ukali wa zoezi. Aina yenyewe ije mwisho.

Faida ni kubwa kiasi gani?

Tuseme ukweli mapema. Kati ya miaka 18 na 30, ubongo wenye afya uko karibu na kilele chake, na kikombe kilichojaa hakiongezwi maji mengi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya watu 132 wenye umri wa miaka 20 hadi 67. Kwa miezi 6 kundi moja lilifanya mazoezi ya moyo na mapafu mara 4 kwa wiki, lingine likanyoosha viungo na kukaza misuli. Kundi la kwanza liliboreka katika kupanga, kujizuia na kubadili mawazo, lakini faida ilipanda kadiri umri ulivyopanda: mtu wa miaka 60 alipata zaidi ya mara mbili ya yule wa miaka 40, na walio vijana walipata kidogo. Upande wa kumbukumbu, makundi hayo mawili hayakutofautiana.

Kijana basi anapata nini? Anapata muda mfupi wa akili kuwa macho baada ya kila zoezi, na muda huo unaweza kupangwa. Anapata pia nafasi ya kusaidia jambo alilojifunza likae. Na kama anakaa kitini saa nane kwa siku na kulala saa tano usiku, anarudisha alichokuwa akipoteza. Hilo la mwisho ndilo linalowahusu vijana wengi wa mji huu, ambao hutoka nyumbani alfajiri, hukaa kwenye matatu, hukaa kazini, kisha hukaa tena kwenye matatu kurudi.

Mwili hufanya kazi hii kwa njia zinazoeleweka. Moyo ukipiga haraka, damu nyingi zaidi hufika kichwani, na noradrenalini na dopamini, kemikali zinazoamsha umakini, hupanda. Zoezi likiwa kali, misuli hutoa lakteti, ambayo ubongo huweza kuitumia kama chakula, na protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za ubongo kushikana, huongezeka kwa muda. Lakini kemikali zinazoamsha zikipita kiasi, mtu huwa na wahaka na mawazo hutawanyika. Ndiyo maana ukali ni jambo la kupimwa.

Kwa kutazama mara moja

| Chaguo | Muda | Linafaa zaidi kwa | Wakati wake |
|---|---|---|---|
| Kutembea kwa kasi | dakika 10–30 | kupata mawazo mapya, kuvunja kukaa | wakati wowote, hata usiku |
| Kukimbia kwa wastani | dakika 20–30 | umakini, kujizuia, kazi yenye hatua nyingi | umalize dakika 10–20 kabla ya kuketi |
| Vipindi vikali (ngazi, mikupuo) | dakika 6–35 | kushika maneno na mambo mapya, kufukuza usingizi | kabla ya kukariri, au saa 4 baadaye |
| Nguvu (vyuma, mitungi, uzito wa mwili) | dakika 20–40, siku 2 kwa wiki | mwili wa kukaa kitini muda mrefu, pengine kumbukumbu | baada ya masomo |
| Mpira, kamba, densi | dakika 10–60 | kusoma hali na kubadili uamuzi haraka | wikendi. Kamba siku yoyote |

Jedwali haliwezi kusema kila kitu, na baadhi ya visanduku hivi vina masharti.

Kutembea kwa kasi

Watu hulidharau zoezi hili kwa sababu hawalifanyi kwa kasi inayotakiwa. Kwa kijana, hatua 100 kwa dakika ndizo mpaka wa chini wa zoezi la wastani, na kuanzia hatua 130 linaelekea kuwa kali. Huhitaji saa ya kisasa: hesabu hatua kwa sekunde 15, na zikipungua 25, ongeza mwendo. Ukitembea huku unasoma simu utashuka chini ya hapo bila kujua.

Mwaka 2014 watafiti wa Stanford waliwapa watu maswali ya kubuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida. Kwa wastani waliokuwa wakitembea walitoa mawazo ya kibunifu yapatayo asilimia 60 zaidi ya waliokaa, hata waliotembea kwenye mashine wakitazama ukuta mtupu. Lakini walipopewa maswali yenye jibu moja tu sahihi, watembeaji walifanya vibaya kidogo. Matokeo haya mawili yanakuambia utumie kutembea kwa nini: kutafuta namna ya kuanza insha, kubuni muundo wa programu, kufikiria mada ya utafiti. Hesabu za uhasibu zinazotaka jibu moja, kaa nazo mezani.

Kazi yake ya pili ni kuvunja kukaa. Katika jaribio la Liverpool la mwaka 2018, wafanyakazi 15 wa ofisi walikaa saa 4 mfululizo na mtiririko wa damu kuelekea ubongoni ukapungua. Walipoinuka na kutembea dakika 2 kila baada ya dakika 30, haukupungua. Walipojaribu kutembea dakika 8 kila baada ya saa 2, haikusaidia vivyo hivyo. Kwa hiyo tega kengele ya simu kila nusu saa, tembea ukumbini au ushuke ghorofa moja na kupanda, kisha urudi. Ukisema utatembea sana jioni ili kufidia, mchana wako umeshapita.

Njia rahisi ya kupata dakika 20 bila kutenga muda ni kushuka kwenye matatu kilomita 2 kabla ya kufika. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa ni dakika 20 kamili, na saa za msongamano huenda usichelewe kabisa. Tatizo ni hewa. Ukitembea kandokando ya Thika Road, Mombasa Road au Jogoo Road wakati magari yamejipanga, unavuta moshi mwingi kuliko aliyekaa, kwa sababu unapumua kwa nguvu zaidi. Ingia barabara ya ndani ya mtaa, hata moja au mbili kutoka barabara kuu. Moshi hupungua upesi kadiri unavyojitenga na magari. Aliye karibu na Arboretum au Karura ana bahati, ayatumie maeneo hayo. Karura peke yake ina zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya mji, ile ile ambayo Wangari Maathai na wenzake waliipigania mwaka 1999 isigawiwe.

Kukimbia kwa wastani

Kama lazima uchague moja tu kwa ajili ya kichwa, tungekushauri uchague hili. Lina ushahidi mwingi kuliko mengine, linaingia kabla ya kazi yoyote ngumu, na halihitaji kifaa zaidi ya viatu.

Neno la kuzingatia ni wastani. Kadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo wako kwa kuzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu kwenye 208. Mwenye miaka 22 anapata 193. Zoezi la wastani liko kati ya asilimia 64 na 76 za hapo, yaani mapigo 123 hadi 147 kwa dakika. Asiyetaka hesabu atumie kinywa chake: uweze kusema sentensi nzima, usiweze kuimba. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo aliyefika jana kutoka Mombasa atahema kwa mwendo ambao kwao ulikuwa mwepesi. Apunguze kasi kwa wiki mbili hivi na kufuata mapigo, asifuate kasi aliyoizoea.

Mwaka 2012 kulichapishwa uchambuzi wa tafiti 79 kuhusu zoezi la mara moja na akili. Faida ilikuwa ndogo lakini ya kweli, ilihitaji zoezi lipite dakika 20, na ilionekana vizuri zaidi dakika 11 hadi 20 baada ya kumaliza, kisha ikafifia. Hapa ndipo wengi hupotezea kila kitu. Wanakimbia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanarudi, wanachota maji, wanaoga, wanapika chai, wanajibu ujumbe kwenye simu, na wanaketi kusoma saa mbili. Wamefanya zoezi zuri kwa moyo wao, ila dirisha la umakini limefungwa wakiwa jikoni.

Panga usiku uliotangulia. Jaza ndoo ya maji ya kuoga, weka chai kwenye chupa, acha kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa kuanzia na karatasi yenye swali la kwanza. Kula ndizi moja nusu saa kabla ya kutoka kama tumbo huwa linakusumbua ukikimbia bila kitu. Kimbia dakika 25, tembea 3 za mwisho, kunywa maji glasi mbili, oga haraka, keti. Kifungua kinywa kizito kije baada ya saa ya kwanza ya masomo, maana sahani ya viazi na mayai baada ya kukimbia huleta usingizi.

Asiyewahi kukimbia asianze na dakika 25. Wiki ya 1 na ya 2, kimbia dakika 1 na kutembea 2, mara 8, siku 3 kwa wiki. Wiki ya 3 na ya 4, kimbia 2 na kutembea 1, mara 8. Wiki ya 5 na ya 6, kimbia 10, tembea 2, kimbia 10. Wiki ya 7 jaribu 25 bila kusimama. Anayeruka ngazi hizi huishia na maumivu ya muundi, kwa sababu mapafu huzoea upesi kuliko mifupa. Mfupa ukiuma hata unapoubonyeza kwa kidole sehemu moja tu, acha kukimbia na umwone mhudumu wa afya. Huenda ni ufa.

Giza pia ni hatari ya kweli, hasa kwa wasichana. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo kutoka saa kumi na moja ni kukimbia gizani. Kama mtaa wako una taa ndefu za mulika mwizi, zunguka chini yake. Kama hauna, kimbia na kikundi au usubiri kupambazuke. Juni hadi Agosti asubuhi huwa baridi, na mwenye pumu apashe mwili moto ndani ya nyumba dakika 10 na kubeba dawa yake ya kuvuta.

Vipindi vikali: ngazi na mikupuo

Huku ndiko kuna matokeo ya kuvutia zaidi, na ndiko watu huharibu zaidi.

Mwaka 2007 watafiti wa Münster, Ujerumani, waliwafundisha vijana 27 maneno mapya baada ya hali tatu: kupumzika, kukimbia polepole dakika 40, na kukimbia kwa nguvu mikupuo miwili ya dakika 3. Baada ya mikupuo walijifunza maneno kwa kasi ya asilimia 20 zaidi kuliko katika hali zile nyingine. Dakika 6 za kazi zikashinda dakika 40. Kwa anayekariri istilahi za anatomia au msamiati wa Kifaransa, hii si habari ndogo.

Kisha mwaka 2016, Nijmegen, Uholanzi, watu 72 walijifunza mahali pa picha mbalimbali. Theluthi moja waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa vipindi vikali dakika 35 papo hapo, theluthi nyingine baada ya saa 4, wengine hawakufanya kitu. Baada ya saa 48, waliosubiri saa 4 ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Waliofanya papo hapo hawakuwazidi waliokaa.

Matokeo haya hayapingani. Zoezi kali fupi kabla ya kujifunza huamsha mwili upokee. Zoezi kali saa kadhaa baadaye husaidia ubongo kuhifadhi kilichopokelewa. La kuepuka ni lile linalokuja pamoja na funzo lenyewe, pale mwili unapodai damu na akili inadai utulivu. Ukisoma saa tatu hadi saa nne asubuhi, fanya mikupuo saa nane mchana. Hata hivyo, kila jaribio kati ya haya ni moja na watu wake ni wachache, kwa hiyo usivunje ratiba yako nzima ili kufuata saa 4 kamili.

Kwa mkazi wa ghorofa, ngazi ndizo kifaa. Utahitaji jengo la ghorofa 4 au zaidi lenye kishikio. Panda polepole dakika 3 kupasha mwili. Kisha panda kwa nguvu dakika 1, ukikanyaga kila ngazi kwa unyayo wote. Shuka ukitembea, mkono ukiwa kwenye kishikio. Rudia mara 3 kwa wiki mbili za kwanza, ongeza hadi 6. Wanafunzi waliojaribu mara 3 za dakika 1 huko Otago, New Zealand, katika utafiti wa mwaka 2019, walijihisi wenye nguvu zaidi. Katika zoezi la kubadili mawazo haraka walioboreka ni wavulana, wasichana hawakuonyesha tofauti hiyo. Majeraha hutokea zaidi wakati wa kushuka, kwa sababu paja limechoka na goti ndilo linalobeba mshtuko. Usijaribu ngazi zikiwa zimepigwa deki.

Usidanganyike na kujisikia vizuri. Mwaka 2017 huko Georgia, Marekani, wasichana wa miaka 18 hadi 23 waliokuwa wakilala chini ya saa 6 na nusu walipewa ama miligramu 50 za kafeini, ama dakika 10 za ngazi kwa mwendo wa kawaida. Ngazi ziliwapa uchangamfu zaidi ya kafeini, japo wa muda mfupi. Lakini majaribio ya kumbukumbu na umakini hayakusogea. Kuchangamka ni jambo moja, kukumbuka ni lingine, na deni la usingizi halilipwi kwa ngazi.

Zoezi kali lisizidi mara 3 kwa wiki, na lisiingie ndani ya saa moja kabla ya kulala. Usilifanye dakika 5 kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Mkono utatetemeka na moyo utakupigia kelele kwenye swali la kwanza.

Nguvu

Shirika la Afya Duniani liko wazi kwa mwili mzima: mwongozo wake wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za zoezi kali, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Kwa akili ya kijana, ushahidi wa vyuma ni mwembamba zaidi. Sweden ilipochunguza rekodi za wanaume milioni 1.2 waliopimwa wakiingia jeshini wakiwa na miaka 18, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa uimara wa moyo ulikwenda pamoja na alama za akili, na nguvu za misuli karibu hazikuhusiana nazo. Bado lipo jaribio dogo la Georgia Tech la mwaka 2014: vijana walitazama picha, kisha wakanyoosha kila mguu dhidi ya uzito mara 50. Siku mbili baadaye walikumbuka takriban asilimia 60 ya picha, na wenzao ambao miguu yao ilisogezwa na mashine tu walikumbuka 50.

Tunaliweka zoezi hili kama nyongeza ya kukimbia au kutembea. Mgongo wenye nguvu hukaa mezani saa tatu bila kuuma, na hilo peke yake ni umakini uliookolewa.

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20, wa lita 5 una 5, na unaweza kupunguza maji hadi uzito ukufae. Fanya raundi 3: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umekumbatia mtungi mara 10, pushapu mara 8 hadi 12 (magoti yakiwa chini kama ndiyo unaanza), kuvuta begi la vitabu kuelekea mbavuni ukiwa umeinama mara 10 kila mkono, na kulalia viwiko mwili ukiwa umenyooka sekunde 30. Pumzika dakika 1 na nusu kati ya raundi. Acha kila seti ukiwa bado una uwezo wa kurudia mara mbili. Usizuie pumzi unapoinua, kwani shinikizo la damu hupanda ghafla na kichwa huanza kuuma.

Jimu nyingi za mtaani hutumia saruji iliyomwagwa kwenye mikebe. Hazina ubaya, ila kagua mambo mawili kabla ya kulala chini yake: saruji haina ufa pale chuma kinapoingia, na pande zote mbili zina uzito sawa. Maumivu ya misuli huja saa 24 hadi 72 baada ya zoezi jipya, kwa hiyo wiki ya mtihani si wiki ya kuanza.

Mpira, kamba, densi na ndondi

Michezo yenye mpinzani hulazimisha jicho kusoma hali na mguu kubadili uamuzi papo hapo, na wachezaji wake mara nyingi huonyesha uwezo mzuri wa kujizuia. Haijulikani kirahisi kama mchezo ndio uliowafanya hivyo au wenye uwezo huo ndio walioupenda mchezo. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 16, jaribio la mwaka 2008 la Ujerumani lilikuta kuwa dakika 10 za mazoezi ya uratibu wa viungo, kama kudundisha mipira, ziliongeza umakini kuliko dakika 10 za mazoezi ya kawaida. Kamba ya kuruka iko karibu na hapo: sekunde 30 kwa miguu miwili, 30 kwa kubadilisha mguu, 30 za kupumzika, kwa dakika 10.

Ndondi tunaipenda kwa kamba, kivuli na gunia. Kupigana na mwenzio kwa makonde ya kichwani kunapingana kabisa na lengo la makala haya. Katika mchezo wowote, ukigongwa kichwa kisha ukaona kizunguzungu, ukatapika au ukasahau kilichotokea, toka uwanjani siku hiyohiyo na upimwe. Usirudi kwa sababu timu imebaki na watu pungufu.

Jipime kabla ya kuamini

Chukua siku 10 za masomo. Siku tano fanya zoezi ulilochagua kabla ya kusoma, tano usifanye, ukizibadilisha moja baada ya nyingine. Kila siku soma maneno au istilahi mpya 20 kwa dakika 20, saa ileile. Baada ya siku mbili andika unazokumbuka bila kutazama. Kando ya kila siku andika pia saa ulizolala na kama ulikunywa chai au kahawa. Tofauti ya neno moja haina maana. Tofauti ya matatu au manne inayojirudia ni ya kuchukulia hatua. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi mara moja pia: aliye na kilo 60 akipoteza kilo 1.2 kwa jasho amefika asilimia 2, na hapo umakini huanza kushuka hata kama zoezi lilikuwa zuri.

Mwenye maumivu ya kifua, aliyewahi kuzimia akifanya mazoezi, au mwenye ugonjwa wa selimundu azungumze na daktari kabla ya vipindi vikali. Kutembea hakuhitaji kusubiri.

Wale watatu

Mwanafunzi wa sheria: Jumamosi asubuhi akimbie dakika 25 na kuketi ndani ya robo saa na kesi zilizo ngumu zaidi. Mchana, saa 4 baada ya funzo la kwanza, ngazi raundi 5. Jumapili jioni atembee tu. Mtihani ukiwa Jumatatu saa tatu, atembee kwa kasi dakika 20 kuelekea huko na kufika mapema kidogo.

Mwandishi wa programu: aache kiti sasa hivi, atembee dakika 15 bila simu mkononi, arudi na njia mbili au tatu za kujaribu, kisha azipime akiwa ameketi. Kengele ya nusu saa iwe sheria. Vyuma Jumanne na Ijumaa jioni.

Muuguzi: kabla ya zoezi lolote, alale. Dakika 90 zikipatikana kati ya zamu na darasa, azichukue zote. Akipata 30 tu, alale 20 na kutembea juani 10. Ngazi zitamfanya ajione yuko macho, na kwa mtu ambaye hajalala hilo linaweza kumfanya asikilize darasa zima bila kubaki na kitu. Mikupuo aipeleke siku yake ya mapumziko, mchana, akiwa amelala usiku mmoja mzima.